Nilivyomtafutia Mwanasesere Kwao

Tangu nirudi mmekuwa mnanisimamisha njiani, kwenye bomba la maji na hata kwenye foleni ya sabuni, mkiniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, ni kweli ulikwenda mpaka Kibara na kile kitu mgongoni?" Ni kweli. Nimewasimulia vipande vipande, na kila kipande kikinirudia masikioni nakuta kimeshaongezwa chumvi. Kwa hiyo nimekaa niandike yote kwa mpangilio, polepole, kama tunavyofanya darasa la pili: tunaanza na kinachojulikana, halafu tunasogea mbele. Atakayechoka apumzike, kisha aendelee. Mimi mwenyewe nilipumzika mara nyingi.

Iringo, Musoma

Kinachojulikana ni hiki. Nina mwanasesere wa mti, mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka ncha za vidole. Hana miguu; chini amekatwa sawasawa ili aweze kusimama. Mikono imechongwa ikiwa imelala tumboni. Masikio yana matundu makubwa kama ya wazee wa zamani, na macho yake ni vijiti viwili vyeusi vya pembe nne vilivyopigiliwa usoni. Bibi yangu Wakuru, mama yake baba, alimpa shangazi, binti aliyemlea. Shangazi alipokuwa karibu kufa akanipa mimi, akasema, "Mtunze," basi. Hakueleza alikotoka wala aliyemchonga, nami sikuuliza, kwa sababu nilidhani nitakuwa na muda.

Tulipokuwa watoto tulimchezea sana. Kaka yangu Elikana alikuwa anamfanya abiria, anamvuta kwenye mkokoteni wa makopo. Siku hizi Elikana hapendi kukumbushwa jambo hilo. Ameokoka, anahudhuria kanisa lile jipya la uwanjani, na mhubiri wao alitangaza kwamba Jumapili ya tatu kutoka siku ile watasimika wazee wa kanisa. Kila atakayesimikwa lazima kwanza nyumba ya kwao isafishwe: vitu vyote vya zamani viletwe viwanjani vichomwe. Elikana alikuwa kwenye orodha.

Akaja kwangu hajavua hata viatu.

"Wegesa, lete kile kitu."

"Kitu gani, kaka?"

"Unakijua. Kile chenye macho."

"Hata wewe una macho."

"Usinifanyie utani. Kile ni cha mganga. Mti wenye sura ya mtu, mnaupaka samli, mnaurithishana wanawake kwa wanawake. Hiyo ni nini kama si uganga?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui ni nini. Na kwa kuwa sijui, sichomi. Mimi huwaambia watoto wangu shuleni kwamba kabla hujafuta ubaoni, soma kwanza kilichoandikwa. Tukapatana hivi, yeye amesimama mlangoni na mimi nimemshika mwanasesere kifuani: nitakwenda kutafuta asili yake. Nikikuta alikuwa wa mganga, nitamleta mwenyewe viwanjani. Nikikuta alikuwa wa mtoto kuchezea, Elikana ataniachia maisha yote.

"Na utasema kweli?" akauliza.

"Nimeshawahi kukudanganya?"

Akafikiri. "Hujawahi. Ungekuwa unadanganya ungekuwa na maisha mepesi."

Shule zilikuwa zimefungwa. Wanangu wawili nikawaacha kwa jirani, nikamfunga mwanasesere kwenye kanga, nikaelekea Butiama, kwa sababu jambo moja tu bibi Wakuru alikuwa akilitaja kuhusu utoto wake: kwamba alizaliwa huko, na kwamba maji ya huko yanateremka kutoka kwenye mawe.

Musoma hadi Makutano

Mnajua hali ya usafiri mwaka huu. Basi lilikuwa limelala kwa kukosa tairi. Nikapata lori lililokuwa linakwenda kubeba pamba Bunda, likiwa tupu, na sisi abiria tukakaa juu ya magunia matupu. Mbele kidogo kukawa na kizuizi. Ni miaka hii ya kusaka magendo, na mgambo mmoja kijana akapanda kukagua mizigo. Akafika kwangu, akabonyeza bonyeza kanga yangu.

"Mama, humu mna nini?"

"Mwanasesere."

"Mtu mzima na mwanasesere?" Akabonyeza tena. "Hii ni sabuni. Hii ni miche ya sabuni imepangwa."

Kwenye lile lori watu walikuwa wanasinzia. Neno sabuni likawaamsha wote kwa pamoja. Mama mmoja aliyekuwa na kuku akanisogelea, akaninong'oneza, "Dada, mche mmoja tu. Nina mtoto mchanga." Mzee mmoja naye akauliza kama ni ya kufulia au ya kuogea. Nikawaambia si sabuni. Hawakuniamini, waliona nimekataa kwa sababu ya mgambo, na wakanikonyeza kwamba wameelewa, tutaongea mbele.

"Fungua," mgambo akasema.

"Wewe ndiye unayetaka kuona. Fungua wewe."

Akafungua. Yale macho meusi yakamtazama. Akarudi nyuma mpaka akagusa ubavu wa lori.

"Funga, mama."

"Nilikuwa nimemfunga vizuri tangu asubuhi. Umemfungua, mfunge."

"Mama, nakuomba."

"Nami nakuomba, mwanangu. Mfunge."

Alimfunga kwa ncha za vidole kama mtu anayeokota kaa la moto, na ile kanga ikafunguka tena kabla hajashuka. Hapo nikaamua. Kama kumficha ndiko kunakomfanya aogopwe, sitamficha. Nikambeba mgongoni kama mtoto, kichwa nje, uso wake unatazama barabara. Mama mwenye kuku akasogea mbali. Sikumlaumu. Nilipoteremka Makutano alinipungia mkono, na nadhani mpaka leo anaamini nilikuwa na sabuni tumboni mwa yule mwanasesere.

Butiama

Kutoka Makutano nilitembea kwa miguu. Nilipoulizia watu wa zamani sana, nikaelekezwa kwa Bibi Nyanjige, aliyekuwa na mji wake juu kidogo, kwenye mawe. Nilimkuta ameketi anapepeta mtama, mwembamba, meno machache, masikio mazima. Kabla sijaeleza shida yangu alimtazama mwanasesere mgongoni, akaacha ungo.

"Karibu," akasema. "Una watoto?"

"Ninao wawili, bibi."

"Wavulana?"

"Wasichana."

"Bwana yupo?"

"Alifariki."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyepokea barua aliyokuwa anaitegemea. Akaita watu. Nikaletewa maziwa ya mgando, kisha nikaona kuku anakimbizwa. Nikasema moyoni, watu wa hapa ni wakarimu. Wakaja mwanawe wa kiume na mkewe, wakakaa. Akaja msichana wa kama miaka ishirini, Mugesi, mjukuu wake, akapiga magoti kunisalimu, na baada ya kunisalimu hakuondoka. Nikala ugali wa mtama na kuku huku wote wakinitazama ninavyotafuna.

"Unafanya kazi gani?" baba yake Mugesi akauliza.

"Mwalimu, shule ya msingi."

"Mshahara unatoka kila mwezi?"

"Ukichelewa unatoka."

Wakatazamana. Mama yake akaniuliza nyumba yangu ni ya bati au ya nyasi. Ya bati. Mugesi akauliza, "Na umeme?" akapigwa kofi dogo la bega.

"Anajua kulima," mama yake akaniambia. "Anajua kukamua. Ana mdomo kidogo, lakini mdomo unapunguaga na umri."

Hapo ndipo chakula kikanikwama. Kwa wenzangu mnaotoka mikoa ya mbali, niwaeleze. Kwetu Mara, kwenye baadhi ya makabila, mama ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anaweza kuoa mwanamke. Huitwa nyumba ntobhu. Hamwoi kwa ajili yake mwenyewe. Anamwoa kwa ajili ya nyumba, kana kwamba anamwozesha mwana ambaye nyumba hiyo ilipaswa kuwa naye. Watoto wakizaliwa, mwanamume aliyewazaa hana jina hapo. Watoto ni wa nyumba ile. Mimi ni mjane, mwenye mshahara, nina mabinti watupu, nimeingia mjini kwa mtu bila kusema shida yangu. Wale watu hawakukosea kwa ujinga. Walifanya hesabu yao vizuri, ila mimi sikuwa jibu.

"Bibi," nikasema, "naomba radhi. Sikuja kuoa."

Kuku alikuwa ameshaliwa nusu.

"Sasa huyo umembebea nini?" Bibi Nyanjige akauliza, akinyoosha kidole kwa mwanasesere.

"Ndicho nilichokuja kuuliza. Alikuwa wa bibi yangu. Wakuru."

Yule bibi alisimama, jambo lililochukua muda, akaja akanishika taya, akanigeuza uso huku na huku kama anayekagua mbuzi.

"Wakuru tuliyekuwa tunateka naye maji," akasema. "Mimi nilikuwa mdogo, yeye mkubwa. Alikujaga mwanamke kutoka ziwani, upande wa Kibara. Mzaliwa wa huku huku, aliolewa huko, akafiwa na bwana. Alikuja na ng'ombe zake, na mgongoni alikuwa na huyo. Huyu huyu. Alipofika mjini kwao Wakuru akamweka kwenye kigoda, mbele ya wazee, akasema, huyu ndiye mwanangu, naomba mke wa mwanangu. Wazee walichekaga mpaka wakalia. Lakini ng'ombe hawakuwa wa mti. Wakuru akaondoka. Hatukumwona tena."

"Kwa hiyo ndivyo desturi ilivyokuwa, bibi? Mwana huchongwa?"

"Desturi gani? Sijaona mwingine kabla wala baada. Huku tukioa nyumba ntobhu hakuna anayeuliza mwana yuko wapi. Yule mwanamke sijui ni nani alimwuliza."

Mugesi alinisindikiza asubuhi yake mpaka barabarani. Nilimwomba radhi tena kwa kumpotezea wakati.

"Mimi ningekwenda," akasema. "Humpigi mtu, unasoma magazeti, una bati. Mabwana wanaokujaga hapa hawana hata kimoja."

Nikamwambia kuna masomo ya watu wazima yanaanza Musoma, na kama atapenda, nyumba yangu ni ya bati bado. Alicheka, lakini aliniuliza yanaanza lini.

Bunda

Bunda nilikaa siku mbili, na sitawadanganya kwamba zilikuwa siku nzuri. Magari ya kwenda Kibara yalikuwa yanangoja dizeli, dizeli ilikuwa inangoja Mwanza, na Mwanza sijui ilikuwa inangoja nini. Watu walilala kwenye marobota ya pamba. Nilipata hifadhi kwa Mama Sabina, mama mjane aliyekuwa anauza uji karibu na stendi. Uji wenyewe ulikuwa wa ule unga wa njano wa msaada, bila sukari, na kila mteja alipewa kipande cha kiazi kitamu ili ang'ate kabla ya kunywa. "Sukari yenu iko humo," alikuwa anawaambia. "Mnataka serikali iwapakulie?"

Mama Sabina hakumwogopa mwanasesere hata kidogo. Alimweka juu ya meza ya uji, akamwegemeza kwenye sufuria, na wateja wakawa wanamsalimu. Lakini mimi nilikuwa nimeanza kuogopa.

Nieleze kwa nini. Nilikuwa nimepatana na Elikana juu ya majibu mawili: cha mganga au cha mtoto. Sasa nilikuwa na jibu la tatu ambalo halikuwa kwenye patano letu. Alitumika kuolea. Nilijua Elikana atasema nini: mila ni mila, lete moto. Na upande mwingine kulikuwa na jambo zito zaidi, nililokuwa nalizungukazunguka kama mtu aliyeona nyoka kwenye njia. Sisi tunaitwa Matiku. Mimi Wegesa Matiku, yeye Elikana Matiku, marehemu baba Yohana Matiku. Tulifundishwa kwamba babu Matiku alifariki kabla baba hajazaliwa. Hakuna kaburi lake tunalolijua. Hakuna ndugu yake aliyewahi kuja msibani. Kama bibi Wakuru aliolewa na mwanamke, Matiku alikuwa nani?

"Rudi nyumbani," Mama Sabina akaniambia nilipomweleza. "Mwambie kaka yako umeambiwa alikuwa wa mtoto. Nani atakwenda kuuliza?"

"Niliahidi kusema kweli."

"Basi mwambie kweli nusu. Hata uji huu ni unga nusu."

Nilifikiri sana kuhusu ushauri ule, maana ulitoka kwa mtu mwema. Lakini mwanafunzi wangu mmoja akiniletea hesabu iliyofanywa nusu, huwa simpi alama kwa sababu ameogopa nusu ya pili. Nampa moyo, namrudisha kwenye dawati. Siku ya tatu gari likapata dizeli. Nikapanda.

Kibara

Kufika Kibara nilikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Niliuliza mjini, hakuna aliyejua. Nilishuka ziwani kunawa, na pale ufukweni palikuwa na mtumbwi wa mbao ukijengwa, na fundi wake, Mzee Mafuru, akigomba peke yake.

"Shika hapo," akaniambia, bila salamu. Nikashika ubao. Akapigilia kijiti kutoka upande wake, kijiti cheusi cha pembe nne, kikaingia kwenye tundu mpaka kikalia.

"Misumari hakuna dukani tangu mwaka juzi," akasema. "Watu wananiambia nisubiri. Samaki watasubiri? Nimerudi kwenye misumari ya mti, kama alivyokuwaga anafanya baba. Unachonga mti mgumu, unaubanika kidogo motoni, unakuwa mweusi. Pembe nne kwenye tundu la duara. Ukishaingia hautoki."

Nilikitazama kile kijiti. Kisha nikamtoa mwanasesere mgongoni, nikamsimamisha juu ya ubao, nikamwelekezea mzee macho yake.

Mzee Mafuru aliweka nyundo chini. Alimgusa jicho moja kwa kidole gumba, akamgeuza, akaangalia shingoni, ambako kijiti kingine cha namna ile kilishika kichwa. Akaanza kucheka, cheko la mtu aliyesimuliwa kisa miaka mingi na siku hiyo akakutana nacho njiani.

"Mtumbwi wenye kichwa," akasema. "Kumbe baba hakuwa anatutania."

Alinisimulia huku akifanya kazi, na kila mara akinikatiza: shika, inua, sogeza. Nayapanga hapa kama nilivyoelewa.

Yule mwanamke aliitwa Nyabise. Alizaliwa bara, Butiama, akaolewa hapa kwa Wajita, akafiwa na bwana, akabaki na shamba na ng'ombe, bila mtoto wa kiume. Ndugu za marehemu wakamwambia arudi kwao. Akajibu kwamba harudi. Ataoa mke, nyumba yake ipate wana, kama wafanyavyo kwao. Watu wa ziwani hawakuwa na mambo hayo. Wakamcheka kwenye pombe, wakamwuliza: "Unamwozesha mwana yupi? Tuonyeshe."

"Wangemcheka tu wakaacha, yangekwisha," Mzee Mafuru akasema. "Kosa lao walisema tuonyeshe. Asubuhi yake akaja hapa kwa baba. Akasema, nichongee mwanamume. Baba akasema, mama, mimi nachonga mitumbwi. Akasema, basi nichongee mtumbwi wenye kichwa. Hakuondoka. Alikaa hapo ulipo siku nzima, baba akimrukaruka kama kuku. Mwisho baba akachukua kipande cha mvule kilichobaki kwenye mkuku, ule mti wa chini ya mtumbwi, akamchongea, macho akampigilia kwa misumari ile ile ya mtumbwi. Mama akauliza, hataoza? Baba akasema, mtumbwi unaozaga kwa maji, huyu mweke pakavu."

"Na jina?"

"Alimpa palepale. Matiku. Akambeba, akapita naye kwa kila shemeji aliyemcheka, akawaambia, mmetaka kumwona mwanangu, huyu hapa, msalimuni. Halafu akaenda bara, akarudi na mke."

Nilikuwa nimeshika ubao kwa mikono miwili na sikuweza kufuta machozi, kwa hiyo niliyaacha. Mzee Mafuru alijifanya anatafuta nyundo.

Kilichofuata ni kifupi. Bibi Wakuru alimzaa baba yangu katika nyumba ile. Nyabise alipofariki, wale mashemeji walirudi. Walisema nyumba haina mwanamume, wakataka kumchoma Matiku, maana bila yeye yule mtoto hakuwa na baba mbele ya mtu yeyote pale. Wakuru akaondoka kabla hawajaamka. Watu waliomwona njiani walisimulia kwamba mtoto, ambaye miguu yake bado ilikuwa laini, alikuwa anatembea amemshika mama yake nguo, na aliyebebwa mgongoni alikuwa mwanasesere.

"Usije ukadai shamba," Mzee Mafuru akaniambia tukiagana. "Pamelimwa pamba na watoto wa watoto wao, hawajui lolote."

"Sikuja kudai. Nilikuja kuuliza."

"Kuuliza nako ni ugomvi," akasema. "Nenda na mtumbwi wa samaki, unavuka leo Murangi."

Murangi

Kuvuka kulikuwa na upepo kidogo, na tulikaa juu ya sangara wakubwa, wale samaki wapya ambao wazee wanasema mafuta yao yanaharisha. Mama mmoja aliomba kumshika mwanasesere. Nikampa. Akaniuliza jina lake, na kwa mara ya kwanza nikaweza kujibu. Alimpakata mpaka tukafika, huku akimkinga na maji. Hakuuliza neno lingine. Murangi tukala ugali na samaki wa kuchemsha, nikapata gari la serikali lililokuwa linarudi Musoma, na dereva akanipa kiti cha mbele kwa sababu, alisema, nina mzazi mgongoni. Alikuwa anatania, sikumsahihisha.

Nyumbani

Nilifika Jumamosi mchana. Nilikwenda moja kwa moja kwa Elikana, nikamweleza yote kama nilivyowaeleza nyinyi, bila kuruka ya Butiama. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Kwa hiyo babu yetu ni gogo," akasema mwishoni.

"Babu aliyemzaa baba hatumjui, na hakuna aliyebaki anayemjua. Aliyetupa jina ni huyu. Na waliomlinda ni wanawake wawili ambao mmoja alichekwa na mwingine alifukuzwa. Hakuna mganga humo, kaka. Nimetafuta, hayumo."

"Unajua kesho ni siku gani?"

"Ndiyo maana nimewahi."

"Nakuomba usije."

"Nitakuja."

Nilikwenda na wanangu, mwanasesere mgongoni, kichwa nje. Viwanjani palikuwa na lundo la vibuyu, bangili, pembe na vigoda. Niliketi benchi la mbele upande wa wanawake, nikamsimamisha kando yangu. Mhubiri alikuja mwenyewe. Ni mtu mpole, na sitamsema vibaya.

"Mama, umemleta tumchome?"

"Hapana. Nimemleta aone mjukuu wake akisimikwa."

Mhubiri akamgeukia Elikana, aliyekuwa kwenye mstari pamoja na wenzake, suti imepigwa pasi.

"Ndugu Elikana, kitu hiki ni cha kwenu?"

Kaka yangu alinitazama, akautazama ule mti. "Ni wa kwetu," akasema. "Yeye ndiye Matiku."

Ikabidi aeleze. Alieleza kwa sauti ndogo, vizuri kuliko mimi, na hakuficha. Mhubiri akafikiri, akataka kumsaidia, na najua alitaka kwa moyo mwema. Alimwambia katibu mwenye daftari, "Baba yake alibatizwa Yohana. Andika Elikana Yohana. Jina lile liishie hapa, na kile kitu kiende na vingine."

Katibu akainama kuandika.

"Subiri," Elikana akasema. "Andika Matiku."

"Ndugu yangu," mhubiri akasema, "kusimikwa na jina hilo, haiwezekani yote mawili."

"Basi usiandike."

Alitoka kwenye mstari. Alipita mbele ya watu wote, akaja kwenye benchi letu, akawaambia wanangu wasogee, akaketi upande wa wanawake na suti yake. Mwanasesere alikuwa ameanza kuinama kwa sababu benchi lile halijanyooka. Elikana akanyoosha mkono, akamweka wima.

"Anaanguka huyu," akaniambia. "Mshike vizuri."